Mtungi sebuleni, mkaa uani

Kuna duka Igoma, Mwanza, pembeni mwa barabara ya Musoma, limepakwa rangi za kampuni ya gesi kuanzia msingi hadi kwenye bati. Ukutani amechorwa mama mwenye kitambaa kichwani na tabasamu pana, anakoroga sufuria isiyo na chembe ya masizi. Chini ya miguu yake, pale brashi ya mchoraji ilipoishia, mwenye duka amepanga makopo ya mkaa, kila kopo limejazwa mpaka likafanya kichuguu. Mitungi ipo ndani, nyuma ya nondo. Jioni wateja wanakuja na mifuko ya rambo, wanamiminiwa kopo moja au mawili, wanaondoka. Anayeulizia mtungi ni mmojammoja.

Si kwamba habari za gesi hazijafika. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa dunia kuhusu jambo hilohilo, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Tangu hapo mitungi imegawiwa kwenye mikutano ya hadhara, wabunge wamepiga nayo picha, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeiuza kwa nusu bei. Kwenye kitchen party za Nyakato na Buhongwa, mtungi wa kilo 6 umekuwa zawadi ya kawaida kama seti ya vikombe.

Mitungi, basi, ipo. Kazi inaanza siku inapoisha gesi.

Kaya nyingi za mjini huendeshwa kwa hela ya matumizi. Baba anaacha pesa asubuhi kabla hajatoka, elfu saba au elfu kumi kutegemea jana ilikuwaje, na mama anaigawa: unga, mboga, sabuni, mkaa. Kopo la mkaa la elfu moja au mbili linaingia kwenye hesabu hiyo bila kumuudhi mtu. Kujaza mtungi mdogo ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na pesa hiyo haitoki kwenye matumizi, inaombwa. Kuomba kuna siku yake na kuna maneno yake, na mara nyingi jibu huwa “subiri mwisho wa mwezi”. Mtungi unarudishwa sebuleni, unafunikwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake anakaa mgeni aliyekosa kiti. Mkaa unaendelea uani.

Ukipigia hesabu mwezi mzima, mkaa wa kopo unaweza kabisa kuipita gesi kwa gharama. Mama huyo anajua. Ila hesabu ya mwezi ni ya mtu mwenye pesa ya mwezi.

Badala ya kulitazama hilo, wapo wanaopenda kusema kwamba watu wa Kanda ya Ziwa wamezoea ladha ya mkaa. Ni porojo, isipokuwa kwa samaki wa kuchoma. Lenye ukweli ni la ugali. Ugali wa familia ya Kisukuma ni mlima. Unasongwa kwa mikono miwili na kwa uzito wa mwili mzima. Jiko linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6 halikutengenezewa shughuli hiyo: sufuria inayumba, mtungi unacheza, na mtu mwingine inabidi aite mtoto aje kushika. Yule mama wa ukutani anakoroga kwa vidole vitatu, kama anayeonja mchuzi.

Umeme nao una mambo yake. Jiko la presha la umeme linaivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa makaratasi hilo lingemaliza ubishi. Lakini nyumba nyingi za kupanga, kuanzia Mabatini hadi Igogo, zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vitano au sita. TANESCO huuza uniti kwa shilingi 100, kabla ya kodi na tozo, kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi mara kwa mara anahamishiwa kundi la shilingi 292. Vyumba sita kwenye mita moja havina namna ya kubaki chini ya 75. Wapangaji maskini wanalipa bei ya wenye nafasi kwa sababu tu wanaishi pamoja, na mpangaji anayeonekana na jiko la umeme anachukuliwa kama mwizi. Baba mwenye nyumba hukataza mapema, siku ya kukabidhi ufunguo.

Juu yake ipo kodi ya jengo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ndiyo maana tarehe mosi mita inalia usiku kucha na kila chumba kinajifanya kimelala fofofo.

Ziwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi dagaa wa Victoria walivuliwa kwa karabai. Usiku wa giza, kabla mbalamwezi haijarudi, ukisimama Bwiru ungedhani kuna mji mwingine majini. Karabai zilikunywa mafuta ya taa, na wavuvi huondoa gharama za safari kabla ya kugawana mapato, hivyo kila lita ilimuuma kila aliyekuwa mtumbwini. Zilipokuja taa za LED za betri na sola, hapakuhitajika bango. Watu walikaa ufukweni, wakapiga hesabu, wakabadilisha. Mvuvi ndiye anayeungua, ndiye anayelipa, na ndiye anayeamua.

Uani, anayekohoa moshi ni mmoja na mwenye pochi ni mwingine. Matangazo yote yanamsemesha anayekohoa.

Dawa ya sehemu ya tatizo inajulikana. Dar es Salaam ilianza KopaGas, teknolojia yake ikanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020: mtungi wenye mita, mteja analipia kwa simu kiasi alichonacho, hata cha chai tu. Gesi inayouzwa hivyo inaingia kwenye hela ya matumizi, mlango uleule wa kopo la mkaa. Kwa Mwanza hilo lina maana kuliko mtungi mwingine wa bure unaogawiwa uwanjani mbele ya kamera. Na kampuni za majiko zikitengeneza plati pana yenye miguu inayosimama chini, peke yake, watoto watapumzishwa kazi ya kushika sufuria.

Ukuta wa Igoma umeanza kubanduka rangi. Mchoraji akiitwa tena, mama yule apewe mapumziko. Achorwe baba, asubuhi, mlangoni, mkono mfukoni.