Bibi Harusi, Sikiliza Maneno Kwanza

Siku ya hina moja hapa Makanyagio, Mpanda, ubishi ulizuka: wimbo mpya wa kundi kongwe la taarabu upigwe au usipigwe? Walioutetea hoja yao ilikuwa moja, watazamaji wamefurika YouTube. Maneno hakuna aliyeyagusa. Ni mpasho mtupu, wa kumsimanga mke mwenza, na mke mwenza wa mtu alikuwa amekaa palepale mkekani.

Ikhtilafu ya muziki tuwaachie masheikh. Mimi nasema maneno. Tangu lini wingi ukawa uzuri? Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Sauti yake ilivuka bahari bila simu ya mtu, na hadi leo anatajwa kwa uzito wa alichoimba.

Suratul Hujurat, aya ya 11, imetutaja wanawake waziwazi: tusiwadharau wanawake wenzetu. Vipi basi ndoa tuifungue kwa dharau?

Bibi harusi, nyimbo chagua wewe. Watazamaji hutakaa nao. Utakaa na mawifi na majirani, na wao hawasahau.