Uwanja wa Ndege wa Bukoba: Ziwa Nalo Liingizwe Katika Mpango

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili, 24 waliokoka. Waliotangulia kuifikia ndege ile walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi ile ile wanayotafutia riziki yao ya kila siku.

Tunakikumbusha kisa hiki si kwa nia ya kumtafuta wa kumlaumu. Kina fundisho kubwa kwa kila anayehusika na mipango ya viwanja vyetu vidogo vya ndege.

Inapotajwa habari ya kuboresha uwanja, fikra za wengi hukimbilia urefu wa lami, taa na jengo la abiria. Mazingira huwekwa mwisho wa orodha, kana kwamba ni pambo: ipandwe miti michache, litengenezwe bustani, na mgeni rasmi aalikwe kupanda mche wa kwanza. Mgawanyo huu ni kosa. Katika uwanja ulio ufukoni kama wa Bukoba, kazi ya mazingira ndiyo kazi ya usalama yenyewe.

Tuanze na maji. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi sana nchini. Njia ya ndege yenye urefu wa mita 1,500 na upana wa mita 30, ikinyeshewa milimita 10 tu, hupokea lita 450,000 za maji. Maji hayo lazima yaende mahali. Mitaro ikiwa haba au imeziba, yatatuama juu ya lami na kuhatarisha ndege. Yakiachwa yajiendee ovyo, yatakula udongo wa kingo na kubeba mafuta hadi ziwani, kwenye samaki wa wananchi. Ziwa nalo halitulii mahali pamoja. Mwezi Mei, 2020, maji yake yalipanda yakapita hata kiwango mashuhuri cha mwaka 1964. Mhandisi atakayechora uwanja wa ufukoni kwa kutazama kina cha mwaka mmoja tu atakuwa amejenga juu ya bahati.

Vivyo hivyo kuhusu taka. Jaa la taka karibu na uwanja huita ndege wa angani, na ndege hao wakiingia katika injini huweza kuleta maafa. Kwa hiyo usafi wa mji ni sehemu ya kazi ya uwanja, na meneja wa uwanja na halmashauri hawana budi kuketi meza moja.

Kisha uokoaji. Kanuni za kimataifa zilizowekwa chini ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 zinataka uwanja ulio karibu na maji, ambao sehemu kubwa ya safari za kutua au kuruka hupita juu ya maji hayo, uwe na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari hiyo. Gari la zimamoto, hata likiwa jipya namna gani, haliogelei. Boti iliyo tayari, yenye mafuta na watu waliofunzwa, si anasa.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha ni chache, au kwamba dawa ni kujenga uwanja mkubwa mahali pengine. Huenda. Lakini abiria anayetua leo hawezi kuokolewa na uwanja wa kesho, na gharama ya mitaro na boti haiwezi kulinganishwa na ya lami mpya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Kushirikishwa huko kusiwe kuitwa mkutanoni kupiga makofi baada ya michoro kukamilika. Wavuvi wanajua upepo wa alfajiri unavuma kutoka wapi, ukungu hushuka miezi gani, na maji yalifika wapi mwaka yalipofurika. Waulizwe kabla kalamu haijagusa karatasi. Wapewe mafunzo ya uokoaji, kamba na maboya, na njia ya kuwapasha habari mara moja inapotokea hatari.

Siku ile ya Novemba wavuvi walifika bila kuitwa na bila vifaa. Ushujaa wao ulistahili sifa, nao ulisifiwa. Lakini taifa haliwezi kuufanya ushujaa wa mtu mwenye kasia kuwa ndio mpango wake. Deni tulilo nalo kwao, na kwa wale 19, halilipwi kwa sifa. Hulipwa kwa mpango unaokiri kwamba uwanja wa Bukoba hauishii pale lami inapoishia.