NACHINGWEA NA RUANGWA ZITAZAME MPANDA

Wazee wa Nachingwea walio hai bado wanaikumbuka reli. Serikali ya Mwingereza iliijenga kwa ajili ya karanga. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, na sisi watu wa Jimbo la Kusini tuliambiwa kwamba pori letu litageuka shamba la kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Mwaka 1951 mpango ukatupwa, na paundi milioni 36 zimekwisha potea. Reli ikasukumwa hata hivyo mpaka bandari mpya ya Mtwara mwaka 1954. Halafu mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Wakati huo Uhuru ulikuwa mkononi mwetu, kwa hiyo katika jambo hili hatuwezi kumlaumu mkoloni peke yake.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu watu wa Nachingwea na Ruangwa wanaahidiwa tena, na safari hii wanaahidiwa madini. Wilayani Ruangwa mgodi wa Lindi Jumbo ulianza kutoa kinywe mwaka 2024. Wilayani Nachingwea kuna kilima cha Ntaka, chenye nikeli na shaba kidogo. Zamani sana, kabla mtu hajakanyaga dunia, ujiji mzito wa moto ulipanda kutoka chini na kupoa ndani ya miamba. Ulipokuwa ukipoa, nikeli ikashikamana na kiberiti na kutuama. Baadaye miamba hiyo ikakunjwa na kubanwa, ndiyo maana mchimbaji huikuta nikeli hapa na pale, wala si tabaka moja lililonyooka.

Nikeli ya Ntaka imekwisha tugharimu fedha nyingi bila ya mgodi kuwapo. Leseni ya kuhodhi eneo lile ilifutwa mwaka 2018, wenye leseni wakatushitaki ng'ambo, na mwaka 2023 wakapewa ushindi wa dola zaidi ya milioni 109. Mwaka 2024 Serikali ikapatana nao kwa dola milioni 90. Sisi tunaamini kwamba taifa lina haki ya kutawala ardhi yake. Lakini haki hiyo ikitumiwa kwa pupa, mkulima wa korosho ndiye anayelipa.

Sasa tuwapeleke wasomaji wetu magharibi ya nchi, maana huko mgodi wa chini kwa chini ulichimbwa kweli na ukafungwa kweli. Mpanda kulikuwa na madini ya risasi, yaliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Yalikaa katika mishipa iliyopenya nyufa za miamba mikongwe, yenye umri unaokaribia miaka milioni elfu mbili. Mshipa wa namna hiyo haukwanguliwi juu kama shamba. Wachimbaji huufuata chini kwa mahandaki, wakipambana na giza, vumbi na maji. Kwa ajili ya risasi hiyo Mwingereza alijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210, likafika Mpanda mwaka 1950. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Miaka kumi tu!

Mgodi wa namna hiyo ukifungwa, pampu huzimwa na maji hurudi katika mahandaki. Juu hubaki malundo ya mchanga uliosagwa. Risasi ni sumu. Mtoto anayeimeza kidogo kidogo huharibika akili, wala mama yake haoni kidonda. Nikeli nayo ina hatari yake: mawe yenye kiberiti yakiachwa wazi kwa hewa na mvua hutoa maji makali ya tindikali, na maji hayo hushuka mtoni. Watu wa Nachingwea na walijue hili kabla shimo halijachimbwa.

Lakini Mpanda haikufa. Reli yake haikung'olewa. Iliendelea kuchukua abiria na mazao, mji ukakua, na tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Reli mbili zilijengwa na mkoloni yule yule, katika miaka ile ile, kwa tamaa ile ile. Moja iliachwa iwatumikie wananchi baada ya bwana wake kuondoka, nyingine ikang'olewa. Mtu wa Nachingwea anayesubiri lori la korosho katika tope la masika anaifahamu tofauti hiyo kuliko sisi tunaoandika.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inamdai mwenye mgodi dhamana ya fedha za kuitengeneza ardhi akiondoka, na mabadiliko ya mwaka 2017 yameipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila ya kulipia. Ni sheria nzuri. Hata hivyo sheria iliyofungiwa kabatini haizibi shimo. Mpango wa kufunga mgodi usomwe kwa Kiswahili mbele ya wanakijiji siku ile ile mgodi unapofunguliwa, na barabara, maji na umeme wa mgodi vipangwe tangu mwanzo kubaki mali ya wilaya.

Baraza la madiwani litakapokutana, Nachingwea na Ruangwa vile vile, diwani wa kwanza kusimama na aulize: dhamana hiyo ni kiasi gani, imewekwa wapi, na nani ameshika ufunguo?