Nahodha mwenye digrii yake

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na yale ya wachumba wa mpakani. Niwie radhi, hayo yatasubiri. Kuna ubishi umezuka kijiweni kwetu Kasesya, na mchokozi ni mimi mwenyewe.

Kwa wasiopajua, Kasesya ni mwisho wa Tanzania. Ukitoka Sumbawanga unapita Matai, unakwenda mpaka unakutana na geti, na ng'ambo ya geti ni Zambia, njia ya Mbala. Kijiweni Mzambia na Mtanzania tunakaa benchi moja, tena wengi wanaelewana kwa Kimambwe. Mambo yanaharibika ukitajwa mpira tu.

Basi juzi kijana mmoja wa ng'ambo, mbadilisha fedha, akaanza kututambia ubingwa wao wa Afrika wa mwaka 2012, walioutwaa Gabon kwa kuwatoa Ivory Coast kwa penalti 8-7. "Nyie mna nini?" Bwana wee, kijiwe kizima kimya. Mimi nikajibu neno moja: Ndola.

Mzee wetu muuza kahawa akacheka mpaka birika likatikisika. Mwaka 1979 yeye alikuwa kijana, redio imebanwa sikioni. Vita ya Kagera ilikuwa imeisha miezi michache tu nyuma. Taifa Stars ilishaifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, ikaenda Ndola kutafuta sare. Jamaa wakatangulia kufunga. Peter Tino akasawazisha mechi ikielekea ukingoni, ikawa 1-1, na Tanzania ikakata tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Mbadilisha fedha akainamia noti zake, akawa anahesabu upya zile zile.

Lakini mtu ninayemzimia mimi katika kikosi kile si Tino. Ni beki, Leodegar Tenga, nahodha wa timu iliyokwenda Lagos Machi 1980. Kule tulipangwa na vigogo watupu. Nigeria wenyeji walitufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Bao la kwanza la Tanzania katika fainali hizo alifunga Juma Mkambi, mawili yaliyofuata ni ya Thuwein Ally. Hatukuvuka makundi, na Nigeria ndio waliobeba kombe. Ukitaka kujua uzito wa safari ile, hesabu mwenyewe: tulirudi fainali hizo mwaka 2019, miaka 39 baadaye!

Sasa sikia hii. Huyo nahodha ni mhandisi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mtu aliyevaa jezi za Yanga na Pan African, akagongana viwiko na washambuliaji wa Afrika, huku kichwani ana hesabu zake. Mwaka 2004 akachaguliwa kuongoza soka la nchi, TFF, wakati ambapo wengi walishalichoka kwa migogoro. Akakaa mpaka 2013. Ndani ya kipindi hicho Stars ilimpata Mbrazili Marcio Maximo, na mwaka 2009 ikacheza fainali za CHAN kule Abidjan. (Huko Zambia walitulipizia: walisawazisha dakika za mwisho kabisa tukatolewa. Hiyo sikumwambia mbadilisha fedha.) Baadaye mzee huyo akawa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda, na mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu ya nyumbani. Mimi nilikuwa nahodha wa shule yangu. Kidato cha nne nilikuwa nakosa vipindi vya jioni kwa ajili ya mechi za kugombea mbuzi. Mbuzi tulimla. Matokeo yalipotoka, Baba aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akatoka kwenda shamba bila kusema kitu. Heri angenichapa.

Sasa mdogo wangu yupo kidato cha tatu, naye kapewa ukapteni. Baba kaviweka viatu vyake juu ya kabati, amesema nyumba hii imeshatoa mcheza mpira mmoja na inatosha. Dogo hali vizuri, hasemi na mtu. Jumapili ana mechi Matai.

Nikajikaza. Nikaenda kwa Baba na habari za Tenga: Ndola, Lagos, uhandisi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mahindi yakiungua kwenye jiko.

"Huyo mwenzako," akaniuliza, "hesabu alikuwa anapata?"

"Baba, mhandisi yule. Lazima."

"Mdogo wako mwezi uliopita kapata kumi na nane. Na wewe ndiye ulikuwa unamfundisha."

Hapo nikaishiwa. Nikatafuta la kusema sikulipata.

"Mtihani wao lini?"

"Jumatatu, Baba."

Akageuza hindi. "Akae na vitabu mpaka Jumamosi usiku, mimi mwenyewe namuuliza. Akijibu, viatu atavikuta mlangoni."

Leo ninapoandika ni Alhamisi. Dogo yuko chumbani na koroboi, ananiuliza mambo ya logi, na mimi nilishayasahau siku nyingi. Nimetuma mtu kwa mwalimu mmoja wa ng'ambo. Ndiyo, Mzambia.