Mpinzani Si Adui: Tuweke Meza, Tusivunje Chama

Leo naomba nafasi niseme juu ya mchezo ambao wengi wenu mnauita wa walevi, yaani mieleka ya mkono: watu wawili, meza moja, viwiko chini, mmoja amlaze mwenzake. Nausemea kwa sababu mwezi ujao tuna mkutano mkuu, na kwenye ajenda lipo pendekezo la kukigawa chama chetu: Wakenya kivyao, Watanzania kivyao, na Waganda, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo "watajijua wenyewe". Napinga pendekezo hilo, na hoja zangu nyingi nimezipata kwenye mchezo huu.

Kwanza tuutendee haki mchezo wenyewe. Kwamba mashindano yake yalikulia baa, hilo sibishi. Mwaka 1952, katika mji mdogo wa Petaluma, California, mwandishi wa habari Bill Soberanes aliyaanzisha ndani ya baa. Mwaka 1962 yakaanza kuitwa ya dunia, na baadaye televisheni ya ABC ikawa inayaonyesha Marekani nzima. Mwaka 1968 hata Snoopy, yule mbwa wa katuni, alikwenda Petaluma kushindana. Akaondolewa kwa kuwa hana dole gumba! Leo kuna mashirikisho, madaraja ya uzito, wanaume na wanawake, mkono wa kulia na wa kushoto. Kwenye Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra Machi 2024, mieleka ya mkono ilikuwemo. Kwa hiyo anayecheka acheke, lakini ajue anachokicheka.

Pili, si nguvu tupu. Mimi nasoma uhandisi mitambo, na nikiiangalia meza ile naona wenzo. Kiwiko ndicho egemeo, kiganja ndipo mzigo ulipo. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni kupanda juu ya vidole vya mwenzako na kumvuta kuelekea upande wako, hadi kiganja chake kifunguke na mkono wake uanze kunyooka. Mkono ukishanyooka mzigo umekaa mbali na mwili wake, na misuli iliyokuwa inatosha dakika moja iliyopita haitoshi tena. Ya pili ni kuukunja mkono kwa ndani, ngumi itazame kifua chako, mkapigane karibu na mwili. Ndiyo maana kijana mwembamba anayejua anachofanya anaweza kumlaza baunsa wa mlango wa disko, na baunsa asijue kilichompata.

Sasa njooni kwenye jambo lililonifanya niandike. Elimu hii huwezi kuipata peke yako. Unaweza kunyanyua vyuma mpaka shati likupasuke, lakini chuma hakibadili mawazo katikati ya safari. Binadamu anabadili. Anageuza kifundo, anasogeza dole gumba, anasubiri uchoke. Ukitaka kujifunza lazima umpate mtu wa kukushika mkono, na mtu huyo karibu kila mara ni yule yule utakayekutana naye siku ya mashindano. Watu wa uzito mmoja katika mji mmoja si wengi. Ukimkwepa huyo, utafanya mazoezi na nani?

Mimi Jumanne huwa nakwenda kwenye gereji ya fundi magari ambako tunakutana watu kumi hivi. Yuko Mpolandi mmoja, mchomeleaji, ambaye ni mpinzani wangu hasa. Ananilaza kila wiki. Akishanilaza ananiambia, "Rudisha mkono, nikuonyeshe ulipokosea." Ananionyesha kweli, wala hafichi. Nilimuuliza kwa nini anampa silaha mtu anayetaka kumshinda. Akashangaa swali lenyewe. Akasema nisipokuwa imara, naye atadumaa.

Msidhani ni tabia ya gereji yetu tu. Mtazameni John Brzenk wa Marekani, ambaye wapenzi wengi wa mchezo huu wanamhesabu kuwa bora kuliko wote waliopata kushika meza. Kwa kazi alikuwa fundi wa ndege, mtu wa mshahara kama sisi tutakavyokuwa Mungu akipenda. Mwaka 1986 alishinda lori zima kwenye mashindano ya Las Vegas, yale yaliyoambatana na sinema ya Sylvester Stallone, "Over the Top". Hakuwa jitu. Wengi aliowalaza walimzidi kilo nyingi. Filamu ya "Pulling John" inamwonyesha akiwa na vijana wawili wanaomwinda: Alexey Voevoda wa Urusi, mpole mwenye mkono kama gogo, na Travis Bagent wa Marekani, ambaye mdomo wake haupoi. Katikati ya miaka ya 2000 Voevoda alimlaza. Mwaka 2008 Devon Larratt wa Kanada, aliyekuwa askari, naye akamlaza. Je, Brzenk alisusa? Alirudi mezani, na akiwa na miaka zaidi ya hamsini alikuwa bado anashindana.

Mtaniambia: mbona hao jamaa wanatukanana sana? Ni kweli, wanachonga. Larratt anajulikana kwa maneno kabla ya pambano, na mwaka 2022 huko Dubai alikutana na Levan Saginashvili, pande la mtu kutoka Georgia, akalazwa mbele ya macho ya dunia. Maneno yale yana kazi yake. Yanajaza ukumbi, yanauza tiketi, na kwa mchezo usio na fedha nyingi si jambo dogo. Lakini angalieni kinachofuata. Mkono ukishalala, wanashikana tena, safari hii kwa kupeana heko. Anayeendeleza chuki baada ya refa kuamua wenzake humkimbia. Na akishakimbiwa, hana wa kufanya naye mazoezi. Adhabu hiyo haihitaji kamati.

Haya si mambo ya Wazungu tu. Sisi tuna jina lake, tena zuri: utani. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Yanga ilianza mwaka 1935, Simba mwaka 1936, na toka hapo kila mmoja ameishi kwa kumtazama mwenzake. Wakenya nao wanaziita Gor Mahia na AFC Leopards mashemeji. Fikirini: tungeweza kuwaita maadui, tukachagua jina la ndugu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vya damu katika karne ya 19. Leo ni watani. Mtani anakukejeli harusini, na msibani ndiye anayeshika kazi na kuwachekesha wafiwa. Anayekutania vikali zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi kwako. Wazee hawakufuta upinzani. Waliufunga kwenye undugu, basi.

Sasa tuje kwetu. Tangu ile fainali ya mpira ya siku ya michezo, lile goli ambalo nusu ya chama wanasema liliingia na nusu wanasema halikuingia, hapa chuoni hapakaliki. Watu waliokuwa wanapika ugali jiko moja sasa wanapishana kwenye korido kama hawajuani. Mwaka wa kwanza wanapofika uwanja wa ndege wanapokelewa na watu wa nchi yao tu. Karatasi za mitihani iliyopita zinazunguka kwa siri. Mtu akisikia kuna nafasi ya kazi ya wikendi au ufadhili, anawaambia wa kwao, wengine wanasikia muda ukishapita. Huu si utani tena, jamani. Ni roho mbaya iliyovaa jezi ya taifa.

Najua wanaotaka kugawana wana malalamiko ya haki. Ni kweli nafasi za uongozi zimekaa muda mrefu mikononi mwa watu wa nchi mbili. Ni kweli refa wa fainali ile alikuwa anakaa nyumba moja na nahodha wa timu mojawapo. Mrundi aliyeniambia, "Kaka, nyie mnagombana, sisi tunalipa ada ya kutazama," sikuwa na jibu la kumpa. Siwaombi watu hao wanyamaze ili tuonekane wamoja kwenye picha.

Lakini dawa ya refa mbaya ni refa mzuri. Kwenye mieleka ya mkono marefa huwa wawili, kila mmoja upande wake, kwa sababu jicho moja halioni pande zote za mkono. Wachezaji wakishindwa kukubaliana namna ya kushikana, refa anawapanga yeye mwenyewe: vifundo vimenyooka, kifundo cha dole gumba kinaonekana, hakuna aliyetangulia. Kiwiko kikiinuka kwenye pedi ni kosa, hata ungekuwa bingwa wa dunia. Na kuna sheria moja naipenda kuliko zote. Mikono ikiteleza ikaachana, pambano halivunjwi. Refa analeta mkanda, anaifunga mikono miwili pamoja, na wanaanza upya. Kutoroka kwa kuteleza hakukusaidii. Unarudishwa ukiwa umefungwa kwa yule yule uliyekuwa unamkimbia.

Chama chetu kimeteleza. Basi tulete mkanda.

Wengine watasema tukigawana tutakuwa na amani. Labda. Lakini hesabuni. Tukiwa pamoja tunajaza ukumbi, na chuo kinatupa ukumbi huo bure kwa sababu tu wengi. Tukigawanyika, chama cha Warundi kitakuwa na watu wangapi? Mwenzetu akifiwa na tiketi ya kurudi nyumbani inahitaji kuchangiwa usiku huo huo, nani atapitisha kofia? Huku ughaibuni, mtu wa ofisini hajali kama umetoka Mwanza au Kisumu. Akiangalia fomu yako anaona Afrika. Kuachana kwetu kutatugharimu sisi, yeye hata hatajua.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu. Moja, mkutano mkuu ukatae kugawa chama, lakini siku hiyo hiyo upitishe kwamba uenyekiti uzunguke kati ya nchi, na marefa wa michezo watoke nchi isiyocheza. Mbili, kwenye siku ya michezo ijayo, pamoja na mpira, tuweke meza ya mieleka ya mkono, na makundi yapangwe kwa uzito, si kwa bendera, wanawake na wanaume. Mpira unataka watu kumi na moja, na nchi ndogo hapa chuoni hazina kumi na moja. Meza inataka mtu mmoja mwenye moyo. Tatu, Ijumaa tatu kabla ya siku hiyo tufanye mazoezi pamoja, ukifundishwa na yule yule utakayepambana naye.

Meza nitaitengeneza mimi pamoja na wenzangu wa karakana: kimo inchi 40, pedi mbili za viwiko, na vigingi viwili vya kushika kwa mkono ule mwingine. Mazoezi hayo ni ya lazima, wala si mapambo. Mfupa wa juu ya kiwiko unavumilia kugandamizwa kuliko kusokotwa. Anayegeuza bega upande mmoja na kuuacha mkono nyuma anaweza kuuvunja, na huwa unapasuka kwa kuzunguka kama parafujo. Kanuni ni nyepesi: macho yako yatazame mkono wako, na bega liufuate mkono unakokwenda. Ukiona umezidiwa, ukubali kulala. Atakayekataa kujifunza hayo hatapanda mezani, hata awe mwenyekiti.

Yule Mpolandi wa gereji ameshakubali kuja kuwa refa. Amesema hajui tofauti ya Mkenya na Mtanzania, na kwa kazi hiyo nadhani ndiyo sifa tunayoitafuta. Refa wa pili mtamchagua nyinyi.

Naomba kutoa hoja. Wenye kupinga waandike toleo lijalo, au waje Ijumaa ya kwanza. Tutashikana mkono tukibishana.

Mwandishi ni mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi mitambo na mwanachama wa chama hiki.