Nikatie Kipande

Siku hizi mtu atakualika kwa keja yake, akupikie, akupe hata neno la siri la Wi-Fi, lakini ukimwomba kipande cha ule mmea wa pesa unaotambaa kutoka kwa rafu hadi kwa pazia, anakuangalia kama umeomba figo. "Kuna msee anauza Instagram, wacha nikutumie namba."

Namba ya nini? Kata chini kidogo ya kifundo, pale jani liliposhikana na shina. Tia kwa chupa ya maji, weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali. Baada ya wiki chache mizizi hiyo hapo. Na mwenye mmea hajapoteza kitu, maana ncha ikikatwa, macho yaliyokuwa yamelala kwenye shina huamka na mmea unajaa zaidi. Rosemari nayo imejaa kwenye nyua za Nairobi. Kijiti cha urefu wa kidole, majani ya chini yametolewa, kikichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kinashika. Bado tunaletewa na bodaboda kama dawa ya dharura.

Sina ugomvi na wauza miche wa kando ya barabara. Hao wanauza kazi: udongo, kumwagilia, kungoja, hasara ya vijiti vilivyooza. Walipe, na usiwasumbue na bei. Ninayegombana naye ni yule anayejua kijiti hakimgharimu hata shilingi na bado anakunyima, ili mmea wake ubaki nadra kwa picha.

Mjini haya ni mapambo tu. Mashambani ni chakula. Viazi vitamu hatupandi kwa mbegu, tunapanda marando. Ukame ukikausha shamba, marando yanaenda nayo, na mvua ikirudi majirani wanamtegemea mama aliyebakisha tuta moja karibu na bafu, pale maji ya kuoga yanapopita. Anakata, anagawa, na msimu unaanza. Muhogo ni vivyo hivyo: shina linakatwa vipande, kila kipande na macho yake, na shamba moja linazaa lingine.

Sasa soma Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326. Humo "mbegu" si punje pekee. Kipandikizi ni mbegu, chipukizi ni mbegu. Na kwa marekebisho ya 2012, kuuza au kubadilishana mbegu ambayo haijaidhinishwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka 2 au kukutoza faini ya hadi shilingi milioni 1. Milioni moja, kwa marando! Wakulima 15 walienda kortini mwaka wa 2022, na mnamo Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu vilivyowazuia kuhifadhi, kubadilishana na kuuziana mbegu zao vinakiuka Katiba. Kwa zaidi ya miaka kumi, yule mama wa tuta la kando ya bafu angeweza kuitwa mhalifu kwa kuwa jirani mwema.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja moja nzito, nayo ni magonjwa. Batobato ya muhogo, ile inayokunja majani na kuyapaka mabaka ya manjano, husafiri ndani ya kijiti hadi shamba la jirani. Ni kweli, na anayegawa bila kuangalia anagawa njaa. Lakini hilo linatibiwa kwa kumfundisha mkulima shina la kukataa, na kwa kuhakikisha vipandikizi safi vya KALRO vinafika kijijini kwa bei anayoweza. Pingu hazijawahi kuponya muhogo.

Kwa hivyo inaudhi kuona wakulima wamepigania korti miaka mitatu wapate haki ya kupeana, halafu sisi wa ghorofani, ambao hakuna askari aliyewahi kutuuliza, tunajiwekea marufuku wenyewe kwa sababu ya mmea wa sebuleni. Wikendi hii, kabla hujalipia mche mtandaoni, chukua makasi na chupa tupu, ubishe kwa jirani. Akisema hana, muulize ule unaoning'inia nyuma yake ni wa nani.