Hukumu ya Mahakama Isikimbiwe kwa Kubadili Katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inasema wazi, katika ibara ya 64(5), kuwa sheria yoyote inayokwenda kinyume nayo ni batili. Ibara ya 30 inampa raia haki ya kuishitaki serikali yake Mahakama Kuu pale haki zake zinapovunjwa. Maana yake ni kuwa Bunge haliwezi kutunga litakalo, wala serikali kutenda itakavyo.

Hayo ndiyo maandishi. Vitendo ni kitu kingine, na mfano ulio wazi ni suala la mgombea binafsi.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu, Dodoma, kudai kuwa Mtanzania asilazimishwe kujiunga na chama cha siasa ndipo aweze kugombea uongozi. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa haki yake. Je, serikali ilitii? Desemba mwaka huo huo Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba yaliyoufunga mlango ambao jaji alikuwa ameufungua. Na tukumbuke kuwa Bunge lile lilichaguliwa mwaka 1990, wakati wa chama kimoja. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Mtikila hakuchoka, akarudi mahakamani. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa tena haki. Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani walisema mahakama haina uwezo wa kukifuta kifungu cha Katiba, na kwamba suala lile ni la kisiasa, liachiwe Bunge. Akaenda mbele zaidi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kuwa Tanzania imevunja haki zake na kuitaka irekebishe sheria zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Uchaguzi wa mwaka 2025 umepita, na mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Wapo wanaosema kuwa majaji hawakuchaguliwa na wananchi, kwa hiyo wasiwaingilie wawakilishi wa wananchi. Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini wabunge wa majimbo wote wameingia Bungeni kwa tiketi za vyama. Kuwaachia wao waamue kama asiye na chama agombee ni sawa na kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni kuwa milango mingine nayo inafungwa. Novemba 2019 serikali ilijiondoa katika tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo ya Arusha. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika.

Sisi tunaoishi ughaibuni tumeona inavyokuwa serikali ikitii. Septemba 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa kusimamishwa kwa Bunge kulikuwa batili. Waziri Mkuu hakuipenda hukumu ile, lakini kesho yake wabunge walikuwa vitini mwao. Na asije mtu akasema hayo ni ya Wazungu. Kenya, jirani zetu, mahakama zao zilizuia mpango wa kubadili Katiba uliojulikana kama BBI, hadi Mahakama ya Juu ilipoukataa Machi 2022. Rais aliyeutaka alikuwa bado madarakani.

Hatusemi kuwa majaji hawakosei. Tunasema kuwa anayeshindwa mahakamani akate rufaa, na rufaa ikishindwa atii. Serikali ikishindwa kesi kisha ikaibadili Katiba ili ishinde, mwananchi mnyonge aende wapi?

Kazi ya kutafuta Katiba mpya ilikwama mwaka 2015. Siku itakapoanza tena, tusidai kifungu cha mgombea binafsi tu. Tudai na kifungu kitakachozuia hukumu ya mahakama kukimbiwa kwa njia hiyo.